Nyota tatu na nusu kwa takisi za Kampala, kutoka kwa konda mstaafu

Niseme mapema nisije nikaambiwa naonea watu: mimi nimekuwa konda. Mbagala–Kariakoo, miaka mitano, kwenye kipanya, ile Hiace ya daladala, enzi ambazo abiria wa nne kwenye siti ya watatu tulimwona kama haki yetu ya msingi. Nimepiga debe, nimekuwa deiwaka, yaani kibarua wa siku, nimelala njaa kwa sababu hesabu ya tajiri haikutimia. Sasa nina kiduka changu cha vipuri vya pikipiki na sijashika mlango wa daladala tangu 2014. Ila jicho halistaafu. Kwa hiyo nilipokwenda Kampala mwezi Julai kumsalimia shangazi na kutalii kidogo, usafiri wa mjini haukunipa wasiwasi wowote. Hiace ni Hiace, nilijiambia. Atanifundisha nini mtu wa Hiace?

Nimekaa siku 9. Nimepanda takisi zaidi ya mara 30, boda mara 11, gari la kukodi mara 3. Nimeibiwa mara 1. Mzani wangu ndio huo.

Nianze na jina, maana ndilo lililonila hela ya kwanza. Shangazi anakaa Kansanga, barabara ya Ggaba, jirani na chuo kikuu cha KIU, anapika chakula cha wanafunzi. Eneo lile limejaa Watanzania na Wakenya wanaosoma, unaweza kushinda siku nzima ukasikia Kiswahili tu. Aliniambia kwenye simu, "Ukishuka kwenye basi panda takisi ya Kansanga." Mimi kwa akili ya Dar nikasimama natafuta gari dogo. Kijana mmoja akaniwahi begi. "Spesho, ssebo?" Nikamwambia nataka teksi, akasema ndiyo hii hii, twende. Alianza na 40,000, nikamvuta mpaka 30,000, nikakaa kiti cha mbele nikijiona mjanja.

"Umelipa ngapi?" shangazi aliniuliza hata kabla sijamaliza kusema shikamoo.

"Thelathini elfu."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Baba, takisi ni elfu mbili."

Kumbe Uganda takisi ndiyo Hiace yenyewe, ile nyeupe yenye mkanda wa vibuluu na vyeupe ubavuni kama ubao wa drafti. Gari dogo la kukodi ndilo spesho. Na ukisema matatu kama wasemavyo Wakenya wataelewa, lakini matatu kwa Waganda ni mchezo wa karata, nimeona wazee wakiupigania kwelikweli chini ya mwembe. Hilo neno moja, takisi, ungelijua kabla ya kufika ungekuwa umeshaokoa nauli ya wiki nzima.

Kuna na mtego wa pili ambao unawanasa hasa sisi. Wao wana shilingi, sisi tuna shilingi, basi kichwa kinadanganyika. Mzungu anayebadili dola anajua yuko ugenini. Mtanzania akisikia elfu tano anaona ni elfu tano. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu. Kwa siku nilizokuwa kule nilikuwa nagawa kwa moja na nusu kichwani, si hesabu ya benki lakini inakufikisha. Mwanzoni kila bei iliniumiza, kufika siku ya tatu nikageuka upande wa pili, kila kitu nikaona rahisi. Hapo ndipo pa hatari zaidi.

Sasa takisi yenyewe.

Mlangoni imeandikwa imeruhusiwa abiria 14, na mchana, safari nyingi nilizopanda, walikuwa 14 kweli. Niliwahesabu, siwezi kuacha. Hakuna kusimama, na hata ungetaka dari halikuruhusu. Usiku hesabu inalegea. Siti zimechoka, lakini nimeona mbaya zaidi na nimewakalisha watu kwenye mbaya zaidi. Hakuna ratiba wala tiketi. Kituoni gari haliondoki mpaka lijae, na ukiona limebakiza siti mbili usifurahi upesi: kituo kimoja nilichopandia, vijana watatu waliokaa kwa heshima zote walishuka mara tu wateja wa kweli walipoingia. Walikuwa chambo. Kwetu tulikuwa nao pia, tukiwalipa mia mbili mbili. Nilicheka mpaka mama wa pembeni akasogea.

Nauli haina maandishi popote. Inapanda mvua ikinyesha, inapanda jioni, inapanda sikukuu. Mvua ya dakika ishirini pale mjini imenilipisha 3,000 kwa njia niliyolipia 1,500 asubuhi yake. Hapo hakuna dhuluma ya mgeni, wote tulilipa na wote tulinung'unika.

Ya mgeni ni nyingine, na hii naomba mnisikilize maana naijua kwa ndani. Konda anakusoma kabla hujafungua mdomo. Mwenyeji anayepanda gari anaangalia siti. Mgeni anaangalia gari, halafu kibao, halafu anamwangalia konda usoni kama anayemwomba ruhusa. Yakitokea hayo matatu, bei imeshabadilika. Mwaka 2011 pale Kariakoo walipanda watu wawili, mume na mke, na mabegi, wageni wa wapi sijui. Walinipa noti ya elfu kumi kwa nauli isiyofika elfu moja ya wote wawili. Niliwarudishia elfu saba, na yule mwanamke akanishukuru. Nimeikumbuka ile asante yake mara nyingi Kampala, kila nilipokuwa nanyoosha noti.

Dawa yake ni nyepesi: usimuulize konda nauli. Muulize abiria, hasa mama wa makamo mwenye mfuko wa sokoni, kwa sababu yeye hana hasara kukwambia ukweli na anazijua nauli zote za barabara hiyo. Uliza ukiwa umeshakaa, kwa sauti ya chini. Kisha shika noti ndogo mkononi tayari, elfu moja moja na elfu mbili, na sarafu. Noti ya 20,000 au 50,000 usiionyeshe garini. Siyo kwamba itaporwa. Ni kwamba konda atasema subiri, utasubiri, utafika, atakuwa ameshasahau kwa makusudi. Na chenji kule wanaiita balansi. "Balansi yangu" ukiisema kwa utulivu inafanya kazi kuliko kelele.

Ukitaka kushuka, usipige kelele za "shusha!" kama Buguruni. Wao husema "maaso awo", yaani hapo mbele, na gari linasogea pembeni. Nilivyoisema mara ya kwanza ulimi uligonga meno, abiria wote wakageuka. Siku ya nne hakugeuka mtu. Nilijisikia kama nimepata uraia.

Kiswahili chenyewe ni habari ndefu. Wengi wetu tunadhani kwa kuwa tupo Afrika Mashariki tukishuka tu basi mambo yanaenda. Kwenye karatasi ni kweli, Uganda iliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwenye mabadiliko ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiingizwe zaidi. Mitaani kinatofautiana siti kwa siti. Makonda wa barabara ya Ggaba wanakiongea kwa sababu ya wanafunzi, tena kwa mbwembwe. Ukienda upande wa Ntinda kinapungua. Na watu wazima wa Kiganda kuna wanaonyamaza ukikianza. Shangazi alinieleza: wao walikisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za Amin na baada yake, wakiambiwa washuke, watoe kitambulisho, walale chini. Lugha ambayo kwangu ni ya taarabu na kanga, kwa bibi wa pale ilikuwa ya bunduki.

Kwa hiyo nilianza na "ssebo" kwa wanaume na "nnyabo" kwa wanawake, halafu ndipo Kiswahili. Inalainisha. Siku moja nikitoka Wandegeya, mzee wa kofia ya pama alinisikia naongea na simu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Akanitazama muda, akasema neno moja tu, "Bakombozi." Ndivyo walivyowaita wanajeshi wetu walioingia Kampala Aprili 1979. Nikamwambia mimi wakati huo sijazaliwa. Akasema hata kama, akamlipia konda nauli yangu. Ndiyo safari pekee niliyopanda bure. Au ya kwanza kati ya mbili, ya pili naifikia.

Old Taxi Park, kituo cha zamani cha takisi ambacho wenyewe wanakiita Paaka Enkadde, panahitaji neno. Mpya yao iko hatua chache tu kutoka hapo, na watu wa Kampala wanaweza kukueleza gari lako liko ipi kama wewe unavyomweleza mtu mlango wa choo. Mgeni asifike pale na mabegi yote saa kumi na moja jioni siku ya kwanza. Panda kwanza kwenye moja ya yale maghorofa ya maduka yanayozunguka, tazama chini. Ni bahari ya mapaa meupe, yamepangana mpaka unajiuliza la katikati litatokaje. Linatoka. Nilisimama nusu saa naangalia jinsi wanavyochomoa gari kwenye msongamano ule kwa kusogeza mengine kidogo kidogo, bila mtu kutukanana sana, nikavua kofia. Paliwekwa sakafu upya wakati wa korona, tope la hadithi za zamani sikuliona. Kuuliza njia, waulize wanaouza maji na karanga. Wale vijana wanaokushika mkono wakikuvuta wanalipwa kwa kichwa, watakuingiza gari lolote la tajiri wao, hata lisilokwenda kwako.

Foleni pia ina mambo yake. Wao wanaiita jam, na ya pale Clock Tower ni ya kukaa mpaka ukawajua watoto wa jirani yako kwa majina, ingawa siku hizi kuna barabara ya juu. Kioo cha Hiace kinateleza kwa pembeni, na nafasi ya kiganja inatosha. Dada wa siti ya mbele yangu alikuwa ameinua simu anarekodi ujumbe wa sauti. Konda wetu, kijana mdogo mwenye jezi iliyopauka, aligonga bati kwa ngumi: "Nnyabo, essimu!" Dada akaishusha, akafunga kioo. Sekunde chache baadaye akapita mtu pembeni ya gari, mwendo wa pole, macho madirishani. Konda hakusema kitu kingine, akaendelea kuhesabu noti zake. Kwa hilo peke yake nyota nzima nimempa yeye.

Haya, tufike kwenye kuibiwa.

Siku ya tano, jua limeshazama lakini bado kuna mwanga, nilikuwa nimetembea kutoka Nakasero nikapita Owino kuangalia mitumba. Miguu imechoka. Niko barabarani, siko kituoni. Hiace ikasimama, konda akafungua mlango wa mbele mwenyewe. "Kansanga? Ingia." Nikaingia. Kati ya dereva na mimi alikaa bwana mmoja wa suti, nyuma kulikuwa na watu watatu, wote wanaume, kila mmoja siti yake.

Hatujaenda mita mia mbili dereva akasema, kwa Kiswahili kizuri tu, "Mzee funga mukanda, trafiki wako mbele." Trafiki wa kule wanavaa nyeupe, na kweli nilikuwa nimewaona mchana wakikagua. Mkanda uko begani upande wa mlango, kushoto. Nikageuka kushoto kuuvuta. Umekwama. Nikavuta tena. Bwana wa suti, mstaarabu, akaniinamia kunisaidia, mkono mmoja kwenye mkanda. Wa pili sikuuona. Dereva anasisitiza, fanya haraka, wapo hapo mbele. Mimi nahangaika, kifua kimegeukia dirisha, mfuko wangu wa kulia wa suruali uko wazi kwa bwana wa suti kama duka la Jumamosi.

Kilichonishtua hakikuwa mkono. Kilikuwa ukimya. Gari lina siti tisa tupu, barabarani kumejaa watu wanaorudi nyumbani, na konda hajaita kichwa hata kimoja. Hajasema Kabalagala, hajasema Ggaba, hata mkono hajautoa nje. Konda mwenye siti tisa tupu jioni akanyamaza? Mimi ningekuwa nimeshakauka koo.

Nikauachia mkanda, nikabana mfuko. Dereva palepale akasogea pembeni. "Gari imeharibika, mzee. Shuka, panda ingine." Injini inanguruma vizuri kabisa. Nikashuka. Na hawakunidai nauli! Miaka mitano mlangoni sijawahi kumsamehe mtu nauli kwa sababu gari limeharibika, tutabishana, utalipa nusu. Wakaondoka bila neno, na hapo nikajua hata kabla ya kupapasa. 45,000 zimekwenda. Simu na pasi ya kusafiria vilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, zipu imefungwa, upande wa mlango. Ilikuwa bahati zaidi kuliko akili.

Shangazi aliposikia hakushangaa hata kidogo. Alisema mchezo wa mkanda ni wa zamani, wakati mwingine ni mchezo wa mlango usiofunga, wakikwambia uushikilie kwa mikono miwili. Akanipa kanuni zake, nami nazitoa kama alivyozitoa. Giza likianza usipande gari la njiani, nenda kituoni uingie linalopakia watu mchanganyiko. Ukikuta ndani ni wanaume watupu wachache na hakuna mama wala mtoto wa shule, sema unasubiri mtu. Usikae mbele. Ukikaa mbele, mkanda ufunge gari likiwa limesimama, kabla hujaambiwa. Polisi ni 999 au 112. Mimi naongeza ya kwangu: msikilize konda. Kama haiti abiria, hiyo siyo kazi anayoifanya.

Nilijisikia vibaya kwa namna nyingine kabisa. Usiku ule sikuwa nawaza 45,000. Nilikuwa nawaza yule mama wa Kariakoo na asante yake.

Boda nitaenda haraka, maana wengi mnazijua. Neno lenyewe limetoka huko huko, kwenye mpaka wa Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli, "boda" kwa "boda". Kampala ni mji wa vilima na boda ndizo zinazovipanda bila kusubiri. Za barabarani, nyota mbili. Bei mnaelewana kabla ya kupanda, siyo baada, na nyingi hazina kofia ya abiria. Za kuita kwa programu ya simu nazipa nne. SafeBoda walianza 2014 na kofia zao za rangi ya chungwa, mbili kwa kila pikipiki, na siku hizi kampuni ni kadhaa. Unaona jina, unaona namba ya pikipiki, unaona bei. Linganisha namba na bango kabla hujakaa. Mara mbili alikuja mtu mwingine akasema ndiye yeye. Nilimwacha, yule wa kweli akafika dakika tatu baadaye. Mpanda boda akikuomba ufute safari kwenye simu umlipe mkononi kwa bei ile ile, umepoteza kila kitu kilichokuwa kinakulinda na hujaokoa hata shilingi.

"Mpola mpola, ssebo." Polepole, bwana. Hilo neno lilinifaa kuliko kofia. Na shukia kushoto, kwa sababu bomba la moshi liko kulia. Mimi muuza vipuri vya pikipiki, mtu mzima, nimerudi nyumbani na alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia, mviringo kama sarafu ya mia. Mke wangu bado anaicheka.

Usiku, baada ya saa tatu, sikupanda chochote ila gari la programu, Uber au wenzao, na nilimtumia shangazi safari ili aione kwenye simu yake. Ghali, ndiyo. Kutoka mjini mpaka Kansanga nililipa mara nane au tisa ya takisi. Nililala usingizi.

Entebbe nilikwenda siku moja kuona bustani ya miti iliyoanza 1898 na wanyama. Kwenda nilipanda takisi kupitia barabara ya zamani, karibu kilomita 40, na ilisimama kila palipo na mtu aliyesimama. Kurudi nilikuwa nimechoka nikachukua spesho kupitia ile barabara mpya ya kulipia, iliyofunguliwa 2018. Nzuri, laini, hakuna jam. Ila getini dereva akanigeukia: ushuru ni 5,000, juu ya bei tuliyoelewana. Hatukuwa tumelizungumza. Kosa langu, nikalipa. Nawe ulizungumze.

Treni ya abiria ya Namanve, ya watu wa kazini asubuhi na jioni, sikuipanda kwa hiyo sina nyota ya kuipa.

Jumla basi. Takisi za mchana, kutoka kituoni, ukiwa na noti ndogo: tatu na nusu. Nusu niliyokata ya mwisho ni ya vijana chambo, mtu mzima hapaswi kuketishwa dakika 40 na waigizaji. Wale wa mkanda siwahesabu kwenye maksi, maana wale hawakuwa takisi.

Siku ya kuondoka shangazi alitaka kuniitia gari. Nikamkatalia, nikasimama barabarani Kansanga asubuhi na begi langu, nikatazama siti tu, nikaingia. Begi nikaliweka pembeni yangu. Kufika mjini nikanyoosha noti ya elfu mbili bila kuuliza kitu, konda akanirudishia mia tano bila kudaiwa. Moyo ukanifurahi, nikashindwa kujizuia.

"Mimi pia nilikuwa konda," nikamwambia. "Dar es Salaam. Miaka mitano."

Akanitazama, akalitazama begi, akarudi kwangu.

"Kama wewe ulikuwa konda," akasema, "basi unajua hii begi imekalia siti ya mutu. Lipa yake."

Nikamrudishia ile mia tano, nikaongeza elfu moja.